Nyumba Moja ya Majengo, Sheria Tatu

Kwa Mwenyekiti na wanachama wa Kamati ya Bunge la Taifa kuhusu Nyumba, Mipango ya Miji na Ujenzi wa Umma,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Waheshimiwa,

Mswada wa kuunganisha sheria za upangaji ulibisha hodi Bungeni mwaka 2007, ukabisha tena 2021, na mara zote mbili haukufika kuwa sheria. Ule wa 2021 ulikwisha pamoja na Bunge la 12. Ukija wa tatu utawekwa mezani kwenu, ndiyo maana nimeona nisingoje tangazo la gazetini. Tangazo hilo lina tabia ya kutoka leo na kutaka maoni kabla ya wiki kwisha.

Mimi napangisha vyumba Majengo, Mombasa. Nyumba ni urithi wa mama, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi mtaani kwetu: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani na choo kwa nyuma. Huko uani marehemu mama aliongeza vyumba vitatu miaka ya tisini. Viwili tunaishi wenyewe, cha mbele kinachotazama barabara amekodi kinyozi, na sita vilivyobaki vina wapangaji wanaolipa shilingi 4,500 kwa mwezi kila mmoja. Huo ndio ufalme wangu.

Na hata huo, chini yake kuna mwenyewe. Kiwanja si chetu. Nyinyi mnaotoka bara huenda jambo hili likawashangaza, lakini hapa halimshangazi mtoto. Kwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908, serikali ya mkoloni iliwataka watu wa Pwani wajitokeze kudai ardhi zao. Waliojua njia ya ofisini waliandikishwa, na ardhi ambayo haikupata mdai ikawa ya Taji. Wengine wakajenga juu ya viwanja vya watu na kulipa kodi ya kiwanja. Mpaka leo mjini Mombasa nyumba huuzwa, hurithiwa na hupangishwa bila ardhi iliyo chini yake. Kila mwezi basi nakusanya kodi kwa wapangaji wangu, kisha nachukua sehemu yake nampelekea wakala wa mwenye kiwanja. Neno "mwenye nyumba" likitajwa Bungeni, naona kila mtu anafikiria ghorofa za Kilimani zenye lifti na mlinzi getini. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba mijini, zaidi ya kaya saba katika kila kumi zinaishi nyumba za kupanga. Hazikuhifadhiwa zote na wenye lifti. Sehemu kubwa zimehifadhiwa na watu wa aina yangu: wajane, wastaafu, mabaharia waliojenga kwa pesa za meli, ndugu wanne waliorithi paa moja.

Nieleze sheria zinavyotukuta ndani ya nyumba hiyo moja.

Vyumba vya ukumbini wanamoishi wapangaji vilikuwa vikipangishwa tangu nikiwa msichana. Vinaangukia Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ya mwaka 1959. Sheria hiyo inahusu nyumba ambayo kodi yake ya kipimo haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chenyewe, kwa nyumba iliyokuwa imepangishwa wakati huo, ni kodi iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981. Someni tena tarehe hiyo, Waheshimiwa. Baadhi yenu mlikuwa hamjazaliwa. Vyumba vya uani, vilivyojengwa baadaye, hesabu yake ni nyingine kabisa. Majengo nzima inalipa kodi ya soko, mwenye nyumba na mpangaji wameelewana, risiti zinaandikwa au haziandikwi, na hakuna anayeikumbuka 1981 hadi siku wawili hao wanapokosana. Siku hiyo sheria hufufuka, pamoja na jopo lake la kodi.

Chumba cha kinyozi kina sheria yake, Sura ya 301, ya mwaka 1965, inayohusu maduka, hoteli na mikahawa. Hatuna mkataba ulioandikwa, kwa hiyo upangaji wake ni wa kulindwa, na ningekuwa na mkataba wa miaka isiyozidi mitano ungekuwa wa kulindwa vilevile. Nikitaka chumba changu ni lazima nimpe ilani ya miezi miwili kwa fomu maalumu, na akiipinga twende mbele ya jopo la majengo ya biashara. Sina ugomvi na kinyozi wangu. Ni mtu mwema na hunipa kodi kabla ya tarehe tano. Ninachosema ni kwamba ukuta mmoja wa udongo na chokaa unatenganisha majopo mawili, fomu mbili na mawakili wa aina mbili.

Sheria ya tatu ni Sura ya 293, ya kukamata mali ya mpangaji aliyeshindwa kulipa. Katika nyumba inayodhibitiwa siwezi hata kuitumia bila ruhusa ya jopo. Nikipata ruhusa, nikamate nini? Mpangaji wa chumba kimoja ana godoro, mtungi wa gesi na televisheni ya kuning'inia. Dalali wa korti akishachukua ada yake, mimi nabaki na uhasama na jirani.

Mswada wa 2021 ulikusudia kuzifuta sheria hizi tatu na kuweka moja. Hapo niliuunga mkono na nitauunga mkono tena. Wenzangu wengi waliupinga kwa sababu ulikataza kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya jopo. Mimi sikuona jipya. Sheria ya 1959 ilikwisha kukataza jambo hilo katika nyumba zinazodhibitiwa. Na niseme wazi, maana barua hii ni ya wazi: wako wenye nyumba Mombasa wanaong'oa mlango mchana, wanaezua mabati juu ya mama mwenye mtoto mchanga, wanaokata umeme na kufunga mfereji mwezi mzima ili mpangaji achoke mwenyewe. Huo ni ukatili, na anayeufanya apelekwe mbele ya hakimu. Msilegeze kifungu hicho hata chama cha wenye nyumba kikija kwenu na suti na takwimu.

Lakini jiulizeni kwa nini mtu mzima anayeswali safu ya mbele anafika kupanda juu ya paa lake mwenyewe na kung'oa bati.

Nilikuwa na mpangaji aliyepata kazi Saudia. Kijana wa adabu, akisalimia kila asubuhi. Aliaga majirani, akapiga kufuli chumba na kuondoka. Miezi ya mwanzo kodi iliingia kwa M-Pesa, kisha ikakatika, na simu nayo ikawa haipatikani. Ndani ya chumba mlikuwa na vitu vyake. Siwezi kuvunja kufuli, maana sheria bado inamhesabu yumo ndani. Siwezi kumpangisha mwingine. Nilikwenda kwa mzee wa mtaa, akanipeleka kwa chifu, chifu akaniambia niende kwenye jopo. Jopo linataka nimfikishie karatasi mtu ambaye sijui yuko mji gani wa ng'ambo. Mambo yalimalizwa na dada yake, aliyekuja kutoka Kilifi, akafungua chumba mbele ya mashahidi, akachukua vitu na kulipa nusu ya deni. Undugu ulifanya kazi ya serikali. Asingekuwa na dada, chumba kile kingekuwa na kufuli mpaka leo, na mwenye kiwanja hangesubiri.

Kufuli za namna hii ziko nyingi Mombasa, mji ambao vijana wake wanakwenda Ghuba kila wiki. Katika mjadala wa 2021 nilisikia habari za kufukuza, habari za kupandisha kodi, habari za depoziti. Habari ya chumba kilichoachwa sikuisikia. Andikeni kifungu: chumba kikikaa bila mtu na bila kodi kwa muda mtakaoutaja, mwenye nyumba atoe taarifa kwa chifu, kufuli ifunguliwe mbele ya mashahidi wawili, vitu viorodheshwe na kuwekwa mahali salama kwa muda mtakaoutaja. Hilo halimuumizi mpangaji yeyote. Linamlinda hata yule aliye mbali, maana siku hizi vitu vyake hutupwa uani usiku na hakuna orodha.

Sasa ushuru, ambao najua si wa kamati yenu bali wa kamati ya fedha. Nauleta kwenu kwa sababu ninyi mnaandika haki zangu na wenzenu wanaandika wajibu wangu, na sioni dalili kwamba mmepata kuonana.

Tangu Januari 2016 kodi ya nyumba za kuishi inatozwa ushuru wa kila mwezi. Kiwango kilianza kwa asilimia 10 ya mapato yote, kikashushwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, na nashukuru kwa hilo. Unamhusu mwenye mapato ya zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka, mpaka milioni 15. Fomu na malipo ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwezi ambao sikupata kitu napaswa kuingia kwenye mtandao kutangaza kwamba sikupata kitu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (KRA) ikaongeza mfumo mpya iliouita eRITS kwa ajili yetu peke yetu.

Vyumba sita kwa 4,500 ni 27,000. Asilimia 7.5 yake ni shilingi 2,025 kwa mwezi. Mfanyakazi anayepata mshahara wa 27,000, kwa viwango vya PAYE, ushuru wa mishahara, vilivyopo tangu 2021, hutozwa kwa ile 3,000 iliyozidi 24,000 tu, maana nafuu ya 2,400 inafuta ushuru wa sehemu ya kwanza. Halipi zaidi ya 750. Nafahamu ana makato mengine, ya nyumba na ya afya, na sitamwonea kijicho. Lakini yeye akivuka mpaka anatozwa kwa kile alichovukia, mimi nikivuka natozwa kuanzia shilingi ya kwanza. Aliyekusanya 288,000 kamili kwa mwaka hadaiwi kitu. Akizidisha shilingi moja tu, anadaiwa 21,600. Fundi wa hesabu aliyeunda kizingiti hicho hajawahi kukusanya kodi ya chumba, maana angejua kwamba jirani yangu mwenye mapato ya karibu na hapo sasa anaona heri chumba chake kimoja akae mpwa wake bure.

Tena ushuru huo ni wa mapato yote, si wa faida. Kodi ya kiwanja ninayompa wakala haitolewi. Gari la kunyonya choo halitolewi. Hapa baharini mabati yanaliwa na chumvi, na tunayabadilisha mapema kuliko watu wa Nakuru au Nyeri. Hayo nayo hayatolewi. Mtanijibu kwamba ninaruhusiwa kumwandikia Kamishna nitozwe kwa utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo gharama hutolewa. Ni kweli, njia hiyo ipo. Lakini tangu Januari 2024 gharama haikubaliwi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA. Nitafutieni fundi wa mabati Majengo, Kisauni au Likoni mwenye eTIMS, na mimi nitamlipia nauli aje awaonyeshe.

Silalamiki kwamba natozwa. Barabara ya mbele ya kinyozi wangu ni ya umma, mtoto wangu alisoma shule ya umma. Linaloniuma ni mwendo wa mikono miwili ya dola moja. Mkono wa kupokea unanijua kwa PIN, unanifikia kwenye simu, una tarehe yake kila mwezi na una adhabu nikichelewa. Mkono wa kuamua una foleni, una tarehe za kutajwa na kuahirishwa, una wakili anayetaka kulipwa kila inapoahirishwa, na unapima kodi kwa kalenda ya 1981. Mpangaji asiyelipa anaijua tofauti hiyo vizuri kuliko mimi. Mpangaji aliyeonewa anaijua pia, na ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu aliyeng'olewa mlango leo jioni hawezi kungoja kikao cha mwezi ujao.

Na dawa mnayo tayari, katika kitabu chenu wenyewe. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaagiza kesi isikizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Nilipoisoma nilifurahi, kisha nikafika kwenye kifungu kinachozuia mahakama hiyo kushughulikia mizozo ya umiliki au ukaaji wa ardhi. Mlango ukafungwa usoni. Chukueni zile siku 60 mziweke katika mswada wa upangaji. Jopo moja, kesi za vyumba na za maduka pamoja, vikao katika kila kaunti ndogo, mtu aruhusiwe kujieleza mwenyewe bila wakili, na mpangaji aliyetolewa kwa nguvu asikizwe ndani ya siku mbili au tatu, si sitini. Mkiandika hayo, andikeni adhabu yoyote mnayotaka kwa mwenye nyumba anayejichukulia sheria mkononi. Hatakuwa tena na kisingizio.

Zile shilingi 2,500 za Sheria ya 1959 zifuteni. Msiweke nambari nyingine mahali pake itakayochekwa na wajukuu wetu. Wekeni utaratibu wa kupitia kiwango kila baada ya muda, kaunti kwa kaunti. Chumba cha Majengo na chumba cha Wundanyi havina bei moja.

Depoziti nayo iandikwe. Hapa mtaani mwezi mmoja ndio desturi, ila kwenye ghorofa mpya nasikia miwili hadi mitatu, na kurudishwa kwake ni hisani ya mwenye nyumba. Wekeni mwezi mmoja na muda wa kurudisha. Wenzangu watanikasirikia kwa hili. Lakini kila mwenye nyumba ninayemjua amewahi kuwa mpangaji, na wengi wetu wa Majengo bado ni wapangaji wa mwenye kiwanja.

Jambo la kiwanja naliacha kwa uzito wake. Sheria zote nilizotaja zimeandikwa kwa kudhani kwamba kuna watu wawili, mwenye mali na anayekodi. Mombasa tuko watatu. Mwenye kiwanja akiuza kwa mjenzi wa ghorofa, na sasa bei za kisiwani zinawavutia wengi, ilani inakuja kwangu, na mimi sina cha kudai ila kuta na mabati. Wapangaji wangu sita na kinyozi hawamjui huyo mnunuzi na yeye hawajui. Mswada wowote utakaompa mpangaji wa chumba ulinzi dhidi yangu, nami usinipe ulinzi wowote dhidi ya anayemiliki udongo, utakuwa umemlinda mpangaji huyo mpaka siku tingatinga litakapofika, basi. Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yenye kutosha, na sioni pahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo inakoma chini ya saruji. Mpeni mwenye nyumba bila ardhi haki ya kwanza ya kununua kiwanja kinapouzwa, kwa bei ya mthamini na kwa kulipa polepole. Wapeni wanaoishi humo ilani ndefu kuliko ya duka. Na kama kamati yenu itasema hilo ni la kamati ya ardhi, basi ketini nao meza moja siku moja, kwa sababu kwetu sisi nyumba na ardhi vilitenganishwa na serikali, na serikali ndiyo yenye uwezo wa kuvikutanisha.

Mwisho ni ombi la utaratibu. Ibara ya 118 inawataka mshirikishe umma. Ushirikishaji nilioushuhudia ulikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, katika ukumbi wa hoteli, na makaratasi ya Kiingereza ya kurasa nyingi kuliko dakika tulizopewa kuyasoma. Waliokuja ni mawakala wa nyumba na vijana wa mashirika. Wapangaji walikuwa kazini bandarini na sokoni. Wenye nyumba wa aina yangu hawakujua. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Uchapisheni mswada kwa Kiswahili, uwekwe kwa machifu na misikitini na makanisani wiki tatu kabla. Kisha njooni jioni, baada ya Magharibi, katika uwanja wa shule yoyote ya mtaani kwetu. Viti tutaazima. Wapangaji wangu nitawaambia mwenyewe waje, pamoja na yule anayenidai nimtengenezee dirisha, ili mtusikie tukiwa upande mmoja wa uwanja na si katika faili mbili.

Wenu kwa heshima,

Mwenye nyumba bila ardhi,
Majengo, Mombasa.